Mtoto Hafundishwi Urefu

Ukienda kituo cha polisi kuuliza ni watoto wangapi wamegongwa na magari au bodaboda mwaka huu katika mtaa wako, utapewa idadi ndogo. Askari hakudanganyi. Anakusomea kilichoandikwa, na kinachoandikwa ni kile kilichofika kaunta: kifo, au jeraha lililoandikiwa PF3, fomu ya polisi ya kupeleka hospitali. Mengine yanaishia palepale barabarani. Dereva anashuka, anatoa noti mbili tatu, wazee wa mtaa wanasema yamalizeni wenyewe, mtoto anabebwa hadi zahanati kwa pikipiki ileile iliyomgonga. Mwenye bodaboda ni kijana wa hapohapo, na kesho ndiye atakayempeleka mama yuleyule sokoni. Nani amshitaki?

Ndiyo maana kazi yetu ya kuzuia watoto wasigongwe jijini Dar es Salaam huanza kwa kupiga hodi. Tunapita nyumba kwa nyumba katika eneo linaloizunguka shule, tukiongozana na mjumbe wa serikali ya mtaa. Tunaomba ridhaa, kisha tunauliza habari za kila mtoto anayelala katika nyumba ile: je, katika miezi 12 iliyopita amegongwa na chombo chochote cha moto? Jibu la kwanza karibu kila mara ni hapana. Mama ameketi kibarazani anachambua mchele, anafikiri kidogo, anasema, "Hapana mwanangu, wangu wote wazima." Bibi aliye ndani anadakia: "Na yule wa pili?"

"Aa, yule alichubuka tu, mama."

Hapo siondoki. Alikosa shule? Siku ngapi? Mlimpeleka kwa daktari? Ndipo inapotoka habari ya mguu uliokaa kwenye plasta muhula mzima, au ya mtoto ambaye tangu siku ile analalamika kichwa kila jioni. Sisi tunahesabu jeraha lililomfanya mtoto atibiwe au akose walau siku moja ya shule. Kipimo ni hichohicho mtaa wa kwanza hadi wa mwisho, kabla ya kazi na baada ya kazi, mama asimulie akilia au akicheka.

Watu wengi huniuliza kwa nini tunajichosha hivyo wakati kila mtu anajua barabara ipi ni hatari. Kweli, kila mtu anajua, na kila mtu anajua ya kwake. Diwani anaijua ile inayopita karibu na ofisi ya kata. Mwalimu mkuu anaijua iliyo mbele ya geti lake. Mwenye gari analijua shimo linalomvunjia springi. Fedha za kujenga njia ya waenda kwa miguu ni chache, na zikimwagwa mahali ambapo watoto hawagongwi, watoto wataendelea kugongwa pale wanapogongwa. Ninapopeleka daftari la majibu ya nyumba mia kadhaa mezani kwa mhandisi, maoni ya mkubwa na ya mdogo yanakuwa sawa. Hilo ndilo linalonipa moyo wa kupita juani.

Tumekulia katika nchi iliyotufundisha kuogopa malaria na kipindupindu, na tulifundishwa sawa. Lakini taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, hakuna kinachoua zaidi ya ajali za barabarani, na kwamba Afrika ilikuwa na kiwango kikubwa kuliko kanda zote, vifo 26.6 kwa kila watu laki moja. Sehemu kubwa ya wanaokufa kwetu hawamo ndani ya gari lolote. Wanatembea. Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni tano kwa sensa ya mwaka 2022, na mtoto wa shule ya msingi ya serikali huenda shule kwa miguu yake. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, madarasa yamefurika hadi shule nyingi zinasoma kwa zamu, kwa hiyo saa sita mchana mamia wanatoka huku mamia wanaingia, wote kwenye ukingo uleule wa lami. Aliye na nauli ya daladala naye hana uhakika wa kupanda, maana konda akiona sare za shule nyingi kituoni hupiga bodi ya gari, likaondoka.

Kwa miaka mingi jiji hili, kama majiji mengi duniani, lilimkabidhi mtoto mwenyewe jukumu la kubaki hai. Tulikuja shuleni na fulana, tukawapanga mistarini, tukawaimbisha: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, kisha vuka. Hakuna ubaya katika wimbo ule. Lakini mwaka 2002 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mapitio ya majaribio 15 ya elimu ya usalama kwa waenda kwa miguu. Watoto waliofundishwa waliongeza maarifa, na baadhi walibadili namna ya kuvuka wakati wanatazamwa. Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba waligongwa mara chache zaidi, wala hakuna lililofanyika katika nchi maskini. Na muda mrefu kabla ya hapo, katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia wa Sweden aitwaye Stina Sandels alikuwa amechunguza watoto wadogo barabarani na kusema bila kumung'unya kwamba akili na mwili wa mtoto havijakomaa kukabiliana na magari, kwa hiyo ni magari yanayopaswa kupangwa kwa kumfuata mtoto.

Mimi naliona hilo kila siku ninaposimama ukingoni na karatasi zangu. Mtoto wa darasa la pili akisimama nyuma ya Noah iliyoegeshwa, haoni barabara na dereva hamwoni yeye. Anajua wimbo wote. Anatazama kulia, anaona bati la gari. Anasogea hatua mbili mbele ili aone, na hatua hizo mbili tayari zimemweka barabarani. Mtoto unaweza kumfundisha mambo mengi mazuri, lakini humfundishi urefu. Humfundishi pia kukadiria kama pikipiki inayokuja imebakiza sekunde tatu au sita. Uwezo huo unakuja na umri, na barabara haimsubiri akue.

Kinachoua ni mwendo. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, gari linapotoka kilomita 50 kwa saa kufika 65, hatari ya kifo kwa mtu linayemgonga inaongezeka mara nne na nusu. Sheria yetu inaruhusu 50 katika maeneo ya makazi, na hiyo yenyewe ni kubwa mno mbele ya geti la shule. Sasa ukisimama na tochi, ile mashine ya askari ya kupima mwendo, utaona kwamba hata 50 inaheshimiwa pale tu askari anapoonekana. Dereva aliyemwona askari anawawashia wenzake taa, na kilomita nzima watu wanaendesha kama wanakwenda ibadani. Kwa sababu hiyo sisi hupima tukiwa tumevaa nguo za kawaida, tumekaa kwenye kibanda cha mkaa au chini ya mwarobaini, siku za shule, saa zilezile. Tunataka mwendo wa kweli, ule ambao mtoto anakutana nao wakati hakuna mkubwa anayetazama.

Na mwendo hushushwa na kitu ambacho dereva hawezi kukipuuza. Nchini Ghana, katika mji wa Suhum kwenye barabara kuu ya Accra hadi Kumasi, waliweka rasta barabarani, ile mistari ya mbinuko inayotikisa gari. Ajali zilipungua kwa asilimia 35 na vifo kwa asilimia 55.  Habari ile ilinisisimua kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia kuhusu maadili ya madereva, kwa sababu ilitoka kwenye barabara kama zetu, yenye malori na mabasi na wauza ndizi ukingoni.

Kisha likaja jaribio la hapahapa. Shirika la Amend lilichukua maeneo ya shule 18 za msingi za Dar es Salaam. Tisa yalirekebishwa: matuta, vivuko, njia za waenda kwa miguu, alama, nguzo, pamoja na masomo ya usalama darasani. Tisa mengine yalibaki kama yalivyo kwa kipindi cha utafiti, na kaya za pande zote mbili zikahojiwa kabla na baada. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Injury Prevention: watoto waliojeruhiwa walipungua kwa kiasi cha asilimia 26, na mahali pengine mwendo wa magari ulishuka hadi kwa asilimia 60. Mwaka 2019 mpango huo wa Amend ulipata tuzo ya Ross ya taasisi ya WRI, ya kwanza kabisa kutolewa, yenye thamani ya dola 250,000. Jiji letu lilishinda majiji mengine kwa matuta na zege.

Kwangu mimi thamani kubwa zaidi iko katika zile shule tisa ambazo hazikuguswa. Jiji hili halitulii. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza katika Barabara ya Morogoro, mabasi mengine na bodaboda vikabadili njia. Polisi huanzisha msako, unaisha. Barabara moja inafungwa miezi minne kwa ajili ya mtaro. Ukipima shule moja tu kabla na baada, ukaona majeruhi wamepungua, utajuaje kama ni tuta lako au ni mtaro ule? Lazima uwe na mahali pa kulinganisha. Lakini neno "kulinganisha" ni jepesi ofisini tu. Nimeketi na mama katika mtaa ambao tulikuwa tunauhoji bila kuujengea, akanisimulia habari za mwanawe, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo mtatuwekea lini tuta, mwanangu?" Nilimweleza ukweli: fedha za sasa zimeishia shule nyingine, na majibu yake ndiyo yatakayotusaidia kuomba nyingine. Alinijibu kwa upole, akanikaribisha uji. Sijapata njia ya kulibeba swali lile kirahisi, na sidhani kama inafaa lipate kuwa rahisi.

Niseme jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, maana watu hudhani ni tuta tu. Kuna shule upande wa Temeke ambayo geti lake lilifunguka moja kwa moja kwenye barabara ya malori. Kengele ikilia, watoto wanatoka kwa mbio, hakuna hata mita tatu za kusimama. Tulipouzunguka ukuta tukakuta nyuma kuna kichochoro kinachotoka kwenye barabara ya mtaa, yenye magari machache. Pendekezo letu la kwanza halikuhusu barabara kabisa: hamisheni geti. Mwalimu mkuu alisita. Geti la barabara kuu ndilo lenye jina la shule, ndilo wageni wanaloingilia, na ni heshima ya shule. Kamati ya wazazi ilijadili kwa muda mrefu, mzee mmoja akasema heshima ya shule ni watoto wake, na jambo likapita. Fundi mmoja, mifuko ya saruji, geti lilelile likang'olewa likapelekwa nyuma. Jambo ambalo hatukulipanga ni kwamba akina mama wanaouza mihogo ya kukaanga, maembe ya pilipili na barafu za ukwaju walihama siku ileile kulifuata geti. Watoto wakawafuata akina mama. Tungeweka askari kumi mbele wasingeweza kuwavuta watoto upande salama kama mihogo ile ilivyofanya.

Mbele ya shule tuliweka rasta kwanza, ili dereva ashtuke mapema, kisha matuta pande mbili, na katikati kivuko kilichoinuliwa, ili mtoto asimame juu kidogo aonekane. Pembeni njia ya miguu, na kati ya njia na lami nguzo fupi za zege, maana bila nguzo, njia ya miguu hugeuka maegesho kabla rangi haijakauka. Kila kinachowezekana tunakifanya kwa zege. Alama za bati huibwa zikauzwa chuma chakavu.

Kijiwe cha bodaboda kilikuwa hapo kwenye kona. Kiongozi wao alinijia siku ya kwanza ya kazi: "Dada, mkiweka tuta hapa abiria wangu watahamia kijiwe cha kule." Tulizungumza kwa kirefu chini ya mwembe wao. Wengi wao walikuwa na miaka ishirini na kitu, yaani wamo ndani ya umri uleule wa 5 hadi 29 ambao ajali ndizo huua zaidi. Kila mmoja alikuwa na mwenzake aliyewahi kulazwa katika taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, na baadhi walikuwa na makovu ya kunionyesha. Sikuwaendea kama maadui wa watoto. Wao wenyewe ni vijana wa jiji hili wanaopaswa kulindwa, na tuta linalomlinda mtoto linamlinda pia aliyekalia pikipiki. Wawili kati yao ndio walioshika vibao vya kusimamisha magari wiki ya kwanza, mpaka madereva walipozoea.

Sehemu ngumu zaidi ni kujua barabara ni ya nani. Zile kuu ziko chini ya TANROADS, za mitaa ziko chini ya TARURA, ambayo ilianzishwa mwaka 2017. Shule yenye kona mbili inaweza kuwa na barua mbili, ofisi mbili na majibu mawili. Kwenye barabara kuu mhandisi ana hoja yake: kazi yake ni magari yapite, na tuta linaleta foleni. Sibishani naye kwa huruma, ingawa huruma ninayo tele. Nampelekea mwendo uliopimwa, idadi ya watoto wanaovuka kwa saa, na alama za nyota za shule husika. Mfumo wa iRAP hukadiria usalama wa mtoto anayekwenda shule kwa nyota, moja hadi tano. Mhandisi akiona kwamba barabara aliyoisanifu ina nyota moja mbele ya shule na kwamba rasta na kivuko vinaipandisha hadi tatu, anachukua kalamu. Ni lugha aliyoisomea.

Baada ya yote hayo ndipo tunaingia darasani. Ninalipenda somo lile. Tunawafundisha kivuko chao kiko wapi na kwa nini wasikiache, na wimbo tunauimba. Sasa una mahali pa kusimama.

Turudi kwenye ile asilimia 26, kwa sababu wakubwa huipokea kwa makofi na kuhama ajenda. Maana yake ni kwamba kati ya kila watoto wanne waliokuwa wakijeruhiwa, mmoja hajeruhiwi tena. Namshukuru Mungu kwa huyo mmoja. Nimewaona wengi wa namna yake wakipita salama na sitawahi kujua majina yao. Lakini watatu bado. Madaftari ya nyumba kwa nyumba yanatuambia walipo. Mtoto haishi shuleni. Jioni anatumwa dukani kununua mafuta ya taa na unga. Anakwenda madrasa, anakwenda kuchota maji bombani, anafukuza mpira uliovuka barabara. Hapo hakuna tuta letu, hakuna kivuko, na mara nyingi hakuna taa. Mpango unaoishia kwenye geti la shule umekamilisha sehemu ya kazi tu, na nasema hivyo nikiwa nimeipa kazi hiyo miaka yangu mizuri.

Kinachonitia hofu zaidi sasa ni lami. Mitaa mingi ya Temeke, Ilala na Kinondoni imepata lami, taa na mitaro kupitia DMDP, mradi wa kuendeleza jiji, na ni neema ambayo watu waliisubiri kwa hamu. Nimewaona akina mama wakipiga vigelegele greda likiingia. Walikuwa wakila vumbi kiangazi na kuogelea masika. Ila barabara ya vumbi yenye mashimo ilikuwa ikimpunguza mwendo kila dereva bila kuambiwa. Lami ikimwagwa leo, kesho pikipiki zinapita kwa mwendo wa barabara kuu mbele ya milango ya watu, ambapo jana watoto walikuwa wakicheza rede.

Katika mtaa tulionao sasa, mkandarasi amekwishaleta mashine. Tumepima mwendo barabara ikiwa bado vumbi, tumehoji kaya, na tumepeleka ombi kwamba matuta na njia ya miguu vijengwe pamoja na lami yenyewe, katika mkataba uleule, visisubiri mtoto wa kwanza agongwe. Mhandisi ametusikiliza vizuri. Amekubali matuta mbele ya shule na mbele ya msikiti. La kwenye kona ya bomba la maji bado tunalidai.